Wa Tano Kwenye Foleni

Inspekta alipopita getini, tiketi yake ya mwezi mkononi na faili kwapani, alimkuta Sajini amesimama katikati ya jukwaa na sura ya mtu aliyetaniwa, hajui acheke au akasirike.

"Afande, huyu mama ananichezea," alisema. "Nimemwuliza kama umefika, kaniambia umefika kitambo, uko wa sita. Nimekutafuta mpaka mlangoni pa choo cha wanawake. Kumbe ndiyo kwanza unaingia!"

"Nikuchezee, wewe umekuwa karata?" Mama Mstari aliegemeza fagio lake ukutani. Alikuwa msimamizi wa foleni wa kituo kile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya reli. "Mkubwa wako si huyo hapo? Hesabu. Wa sita."

Akanyoosha kidole kwenye mkoba mweusi wa ngozi uliokaa sakafuni, kwenye mstari mweupe, katikati ya mikoba mingine kumi na miwili. Ulikuwa mkoba wa Inspekta.

Kituo chenyewe kilikuwa cha pembezoni mwa mji, treni moja asubuhi kwenda mjini na moja jioni kurudi, na anayeikosa ile ya saa kumi na mbili na nusu basi siku yake imeharibika. Watu wake walikuwa wamejipangia mambo yao. Basi la kwanza lilishuka kutoka mtaa wa juu saa kumi na moja alfajiri, karibu tupu. Dereva alisimama nyumba hadi nyumba, akapokea mikoba kwa wenyewe waliotoka na usingizi machoni, akaifikisha kituoni na kuipitisha juu ya geti, na Mama Mstari akaipanga kwa zamu. Wenyewe walirudi ndani wakaoga, wakanywa chai bila haraka, wakaja baadaye kwa basi la pili au kwa miguu na kukuta nafasi zao zinawangoja. Mstari ukisogea, aliye nyuma alisukuma mkoba wa mbele kwa mguu. Treni ikifika kabla ya mwenyewe, aliye nyuma aliubeba ule mkoba akauweka kwenye kiti, na mwenyewe angerukia mlango wowote atakaouwahi. Haukuwahi kupotea mkoba hata mmoja, na hilo walijivunia mno. Mgeni alicheka wiki ya kwanza. Ya pili utamkuta naye anatoa mkoba wake dirishani.

Sajini yeye alikuwa mtu wa pikipiki. Treni hajapanda tangu azaliwe. Hakucheka. Aliutazama mkoba mweusi, akamtazama Inspekta, akaurudia mkoba.

"Afande," alisema polepole. "Jumatatu ulimwona Nesi, au ulimwona namna hii?"

"Nina macho, Sajini."

"Sijasema huna."

"Basi nyamaza tufanye kilichotuleta."

Kilichowaleta kilikuwa hiki. Nesi, muuguzi wa hospitali ya mjini, mtu wa miaka yote wa foleni ile, alitoka nyumbani Jumatatu asubuhi na kazini hakufika. Leo ni Ijumaa. Mkoba wake ulipatikana Jumatano kwa mfagiaji wa mabehewa, kule mwisho wa reli. Alikuwa ameuficha kwenye kabati la mafagio, na simu ya Nesi kaitia ndani ya soksi yake. Mfagiaji aliapa kwamba aliukuta mkoba kitini, peke yake, na kwamba kosa lake ni tamaa ya simu, basi. Nani amwamini? Saa nne asubuhi hii angefikishwa mahakamani kwa kumteka Nesi, na wenzake wa mahabusu walikuwa wameshamvunja jino. Kesi nzima ilisimama kwenye jambo moja tu: kwamba Nesi alipanda treni. Na shahidi wa kwanza wa jambo hilo alikuwa Inspekta mwenyewe, aliyepanga foleni siku ile nyuma yake. Kwa haki faili lile lilitakiwa liende kwa mpelelezi mwingine. Alikataa kuliachia. Nesi alikuwa mtu wake.

Tena kulikuwa na ile simu ya Jumatatu jioni. Hospitali ilikuwa imeripoti kwamba Nesi hakufika, na Sajini alikuwa ameshafika njia panda, karibu na nyumba yake, akapiga kuuliza kama aingie akague. Inspekta alimjibu akiwa anamenya viazi: rudi, usimsumbue mume wa watu, mimi nilimwona mkewe kwa macho yangu.

Kwa macho yake. Alilifungua faili ili asiendelee kufikiri.

Watu walianza kuingia mmoja mmoja. Mwenye nafasi ya saba alikuwa Fundi Cherehani, bwana mtaratibu ambaye hata kikohozi chake kilikuwa na adabu. Inspekta alimwita pembeni.

"Fundi, nakuuliza tena, unisamehe. Jumatatu ulimwona Nesi?"

"Nilimwona, ndiyo. Wa tano, mbele yako. Nimeshaandika."

"Alivaa nini?"

"Sare yake nyeupe."

"Sare huvaa akifika kazini."

"Basi gauni."

"La rangi gani?"

Fundi alifikiri. Mtu huyu alikuwa anaweza kukwambia kitambaa cha shati ulilovaa mwaka juzi. "Jekundu," alisema, kisha akasita. "Hapana, mkoba ndio mwekundu. Gauni..." Akajikuna shingo. "Ajabu hii. Gauni silioni."

"Alikusalimia?"

"Siku zote hunisalimia."

"Jumatatu, Fundi."

Fundi akauliza, bila ubaya wowote, kama anayeomba msaada: "Kwani wewe uliyekuwa karibu naye, ulimwona kavaa nini?"

Inspekta alilitafuta gauni la Nesi. Alilitafuta kwa bidii, kama mtu anayepekua droo. Aliukumbuka mkoba mwekundu, kitambaa cha njano kilichofungwa kwenye mshikio wake, kijiko kilichogongana na bakuli ndani yake. Aliikumbuka sauti yake mwenyewe ikimwambia Mama Mstari, "Mbele yangu ni Nesi," kama alivyosema kila siku kwa miaka minne. Uso wa Nesi alioupata ulikuwa wa Ijumaa iliyotangulia, ukicheka.

"Mungu wangu," alisema.

Sajini alikuwa na ubinadamu wa kutazama pembeni.

Lakini kutokumwona si ushahidi kwamba hakuwapo, na Inspekta hakuwa mtu wa kubomoa kesi kwa sababu ya kumbukumbu iliyoteleza. Alirudi kwenye faili. Orodha ya vitu vya mkobani ilikuwa na mistari kumi na sita na alikuwa ameisoma mara tatu usiku akihisi kitu kinamkera, kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu. Sasa aliisoma kwa sauti. Viatu vyeupe vya kazini. Bakuli na kijiko. Mwavuli. Sare, imekunjwa. Kitana.

"Namba kumi na moja," alisema. "Tiketi ya mwezi. Mfuko wa mbele, wenye zipu."

"Si ndipo tiketi inapokaa?" Sajini aliuliza.

Inspekta akanyanyua mkono wake wa kushoto. Tiketi ilikuwa bado imebanwa katikati ya vidole viwili, pale ilipokuwa tangu apite getini. Alikuwa ameshasahau kwamba ameishika.

"Twende," alisema.

Mkaguzi wa tiketi alikaa kwenye kiti cha chuma pembeni ya geti kwa miaka kumi na tisa, na watu walimwita Baba Onyesha kwa sababu ndilo neno alilolitumia kuliko salamu. Mke wake mwenyewe aliwahi kurudishwa nyumbani kwa kusahau tiketi. Alisimulia jambo hilo kwa fahari, mke kwa namna nyingine.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba. Umeshaonyesha, huna haja ya kuonyesha tena."

"Nina swali. Nesi huiweka wapi tiketi yake?"

"Shingoni. Ana kamba ya bluu, huivuta kutoka ndani ya gauni na akishaonyesha huirudisha humo humo. Mimi hugeuza uso mpaka amalize."

"Hajawahi kuitia mkobani?"

Baba Onyesha alimtazama kama ameulizwa kama samaki hupanda ngazi. "Aitie mkobani aje apite na nini? Mkoba unakuwa umeshatangulia ndani! Hapa hata mwehu anajua. Mkoba hupita juu ya geti, mtu hupita na tiketi yake mwilini. Tiketi ikiwa mkobani, mwenyewe atabaki nje kama yule mke wangu."

"Na Jumatatu? Kuna mtu alikuja hana tiketi, akasema iko ndani, umruhusu?"

"Hakuna."

"Hata Nesi? Mtu unayemfahamu?"

"Binti yangu," Mzee alisema, na sasa alikuwa ameudhika kidogo, "nimemrudisha mke wangu."

Inspekta alishukuru. Tiketi ilikuwa ndani ya mkoba. Mkoba ulikuwa ndani ya geti. Basi Nesi hakuingia kituoni Jumatatu, si wa tano, si wa ngapi. Kilichosafiri kilikuwa mkoba peke yake, bila mtu, na mfagiaji wa watu aliyevunjwa jino alikuwa amesema kweli tangu neno la kwanza.

"Piga mahakamani," alimwambia Sajini. "Waambie mtuhumiwa hatapelekwa huko leo. Na atengwe na wale wengine, sasa hivi."

"Sababu niseme nini?"

"Sema shahidi wa kwanza amefuta kauli."

Sajini alitoa simu. Alipokuwa akiongea, Inspekta alimrudia Mama Mstari, maana bado kulikuwa na maswali mawili na yote yalikuwa na jibu kituoni pale pale.

"Mkoba wa Nesi siku ile, ulipokea kwa nani?"

"Kwa Shemeji. Nani mwingine?"

Shemeji ndiye dereva wa basi, mume wa Nesi. Foleni nzima ilimwita hivyo kwa kuwa mkewe alikuwa dada wa kila mtu, na yeye alilibeba jina hilo kwa upole. Alipokea mikoba yao kwa mikono miwili. Jumanne na Jumatano, siku ambazo watu walikuwa wanamlilia mkewe, aliipokea vivyo hivyo. Walimsifu kwa uvumilivu. Mkoba mweusi wa Inspekta nao aliupokea kila siku. Hata leo.

"Alisema lolote?"

"Akikabidhi huwa hasemi. Anatikisa kichwa tu." Kisha sauti ya Mama Mstari ikawa ndogo kwa mara ya kwanza. "Jumatatu alisema. Alisema, mwenyewe yuko njiani. Nikamjibu, kwani nimeuliza? Tukacheka."

"Treni ilipofika, nani aliubeba mkoba akauingiza?"

Mama Mstari alianza kukunja na kukunjua ncha ya leso yake.

"Mama, sikia. Huyo mtu hana kosa. Nataka tu jina."

"Wewe, jamani," alisema Mama Mstari. "Si wewe ulikuwa nyuma yake? Ulikuwa unaongea na simu, umeibana begani hivi. Ukabeba mkoba wako kwa mkono huu, wa Nesi kwa mkono huu. Mimi nikakusukuma mgongoni mlango usikubane."

Sasa ikaja. Ilikuja yote, na ilikuja bila huruma: mtoto wake kwenye simu akiuliza soksi ziko wapi, uzito wa mkoba mwekundu, kiti cha dirishani alipoutua, wingu la watu lililoingia kati yake na kiti hicho. Aliteremka kituo cha tatu bila kugeuka nyuma. Tangu Jumatano alikuwa anamtafuta mtu wa mwisho kuushika ule mkoba kabla ya mfagiaji, amewahoji watu ishirini na wawili, ametengeneza mchoro ukutani. Ameubeba mwenyewe!

Honi ya basi la pili ikasikika barabarani. Saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Sajini aliweka mkono kwenye pingu. "Tumkamate akishuka?"

"Kwa nini? Kwa sababu alisema mkewe yuko njiani? Wakili yeyote atatucheka. Mkoba alioukabidhi hukabidhi kila siku, na nani atathibitisha kwamba aliufunga yeye?" Alivuta pumzi. "Subiri. Yeye ni mtu wa basi. Kituoni huishia getini, ndani haingii, wala hajawahi kupanda treni hata siku moja. Acha nimwulize kitu ambacho wote hapa wanakijua."

Abiria walishuka, wakajipanga getini tayari kwa Baba Onyesha. Dereva alishuka wa mwisho, akafuta mikono yake kwa kitambaa, akamwona Inspekta upande wa pili wa geti na kumsogelea. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, mwenye macho ya asiyelala.

"Shemeji, habari za asubuhi. Kuna lolote?"

"Nzuri, shemeji. Kidogo tu. Yule mfagiaji anafika mahakamani leo, na mwanasheria wake anatusumbua kuhusu tiketi. Anadai polisi tuliiweka sisi. Nesi alizoea kuiweka wapi?"

"Mkobani," Dereva alijibu papo hapo. "Mfuko wa mbele, wenye zipu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hakosei. Jumatatu niliiona kwa macho yangu, kabla sijafunga zipu."

Hakujua kilichotokea nyuma yake. Foleni ya getini ilikuwa imekata mazungumzo. Mwanamke wa kwanza alikuwa ameivuta tiketi yake kutoka ndani ya blauzi na mkono ukabaki hewani. Nyuma yake mwingine aliitazama yake, kiganjani, kisha akautazama mgongo wa Dereva. Fundi Cherehani, ndani ya geti, aliivua miwani. Baba Onyesha, ambaye hajawahi kuinuka kwenye kiti chake kabla treni haijaondoka, aliinuka.

"Shemeji," Mzee alisema, "mtu anapitaje hapa kama tiketi yake iko mkobani?"

Dereva aligeuka. Aliwaona na tiketi zao mikononi, kumi, kumi na tano, zote zimeelekezwa kwake. Akageuka tena kwa Inspekta, na lile tabasamu la upole likakaa usoni kidogo, limeachwa bila mwenyewe, halafu likaondoka.

"Huwa anaivaa," alisema. "Nilidhani ni pambo la ndani tu. Nilipomvua ile kamba nikaona ni tiketi. Nikasema akisafiri, asafiri na vyake vyote."

Mtu alipiga kelele kwenye foleni. Sajini alikuwa ameshavuka geti, ameshamshika mkono.

"Yuko wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nyumbani. Stoo ya nyuma, kwenye matairi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anahama. Kaomba uhamisho, kapewa, hakuniambia. Nimeikuta barua." Aliitoa mikono yake miwili pamoja kwa pingu, kama apokeavyo mikoba. "Nilimpiga mara moja tu, shemeji. Nilijua amekufa. Niliporudi mchana kumbe hajafa, alikuwa anakoroma. Nikakaa naye. Nikasema sasa watakuja, maana polisi huanza na mume, kila mtu anajua. Jioni nikasikia pikipiki ikasimama njia panda. Nikafungua mlango kabisa nisiwape taabu." Alimtazama Sajini, kisha Inspekta, na hakukuwa na kisirani machoni mwake, alionekana kushangaa tu. "Halafu ikaondoka. Alikata roho Jumanne alfajiri, nikaenda kuchukua mikoba."

Treni iliingia. Milango ilifunguka, taa za mabehewa zikaanguka juu ya jukwaa na juu ya ile mikoba kumi na mitatu kwenye mstari wake mweupe. Wenyewe wote walikuwa pale, hatua chache tu, na hakuna aliyeinama. Mama Mstari alikuwa ameketi chini, leso mdomoni. Filimbi ilipigwa mara mbili. Treni iliondoka karibu tupu na mikoba ikabaki palepale ilipopangwa.

Askari wawili wa doria walifika wakamchukua Dereva. Sajini alibaki. Mkono wake ulikuwa mfukoni, juu ya simu.

"Lete daftari," Inspekta alimwambia.

"Afande, twende kwanza nyumbani kwa..."

"Tunakwenda. Andika mstari mmoja kabla hatujaondoka, nisije nikapata sababu ya kuubadilisha njiani. Maelezo mapya ya shahidi wa kwanza. Jumatatu sikumwona Nesi."

Sajini aliandika. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Na ile simu ya jioni, afande? Niiache?"

"Usiiache," alisema Inspekta. "Anza nayo."